MAJI YA MIALO NA SUMU ISIYOOZA

Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa Ushirika. Yameandikwa hapa ubaoni ili ambao hawakufika wayasome. Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.



Tumesimama mbele yenu na jambo moja tu. Jambo lenyewe ni maji yanayotoka kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu na kuteremka mpaka mtoni, na kutoka mtoni kuingia kwenye majaruba yetu ya mpunga. Mkutano Mkuu wa Kijiji utakaa kuamua habari ya mialo hiyo. Sasa kabla ya siku hiyo ni lazima kila mtu ajue anaamua nini.

Maneno tunayoyasikia kijijini ni ya namna mbili. Wako wanaosema, wachimbaji wafukuzwe wote, mpunga upone. Na wako wanaosema, waacheni, kwani fedha ya dhahabu ndiyo inayonunua bati na sare za watoto. Ndugu zangu, sisi tunasema kwamba maneno haya yote mawili yana upungufu wa aina moja. Hayasemi maji yafanywe nini. Ukimfukuza mchimbaji leo, marudio yake hatayabeba kichwani. Yatabaki pale pale, na mvua ikinyesha maji yatapita humo humo na kuja huku kwetu. Na ukimwacha aendelee kama anavyoendelea, ni hivyo hivyo. Kwa hiyo swali si mchimbaji aende au akae. Swali ni nani atayasafisha maji, kwa kitu gani, na uchafu wake atauweka wapi.

SUMU HII INATOKA WAPI

Watu wengi wanadhani sumu ya machimbo ni zebaki peke yake. Zebaki ni sumu kweli, na tutaisema mbele. Lakini jiwe lenyewe nalo lina mambo yake. Katika mawe mengi ya dhahabu kuna madini yanayong'aa rangi ya manjano, ambayo mgeni akiyaona hudhani ni dhahabu. Huitwa pairaiti. Ndani yake mna chuma na salfa. Jiwe likiwa chini ya ardhi limetulia, halina neno. Likitolewa nje, likapata hewa na maji, ile salfa inageuka kuwa asidi. Asidi hiyo ni ya jamii ile ile iliyomo katika betri ya gari.

Basi asidi ikishapatikana, inaanza kula jiwe. Inayeyusha vitu vilivyokuwa vimefungwa humo: shaba, zinki, risasi, kadimiamu, aseniki. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyoviita madini mazito. Vinaingia katika maji kama chumvi inavyoingia katika mchuzi, havionekani tena.

Mzee mmoja alituuliza, mbona babu zetu walikunywa maji ya mto huu na milima ilikuwa hiyo hiyo? Ni swali zuri. Jibu ni karasha. Chukua punje ya mahindi na unga wa mahindi, utie vyote katika maji. Kipi kitaloa upesi? Mlima ni punje. Marudio ni unga. Jiwe likisagwa, maji na hewa vinaligusa kila mahali, na kazi ambayo ingechukua miaka mingi sana inafanyika kwa msimu mmoja wa mvua.

Tena mjue kwamba madini mazito hayaozi. Mzoga unaoza, kinyesi kinaoza, hata sianidi huvunjika polepole kwa jua na hewa. Lakini risasi itabaki risasi, na aseniki itabaki aseniki, leo na wakati wa wajukuu. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Kwa kuweka akiba neno hili ni zuri. Kwa madini mazito ni neno baya, maana mwili nao una kibaba chake. Risasi inajificha katika mifupa. Kadimiamu inajazana katika figo. Mtu hasikii kitu mwaka wa kwanza wala wa pili, halafu siku moja kibaba kimejaa.

Na kiasi chenyewe ni kidogo mno. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba katika lita moja ya maji ya kunywa aseniki isizidi miligramu 0.01, na risasi vivyo hivyo. Tulipiga hesabu hii pamoja na wenzetu wa darasa la kisomo ubaoni, tukairudia mara mbili. Gramu 1 ya aseniki inatosha kuharibu lita 100,000 za maji. Hayo ni mapipa 500 ya lita 200. Gramu moja, ndugu zangu! Ni chini ya kijiko cha chai.

DAWA AMBAZO SI DAWA

Kwanza, macho si kipimo. Maji yenye asidi na shaba yanaweza kuwa maangavu kama maji ya chemchemi. Ukiona mawe ya mtoni yamepakwa tope la rangi ya chungwa, kama kutu, hiyo ni dalili ya chuma kilichotoka katika maji ya asidi. Lakini usipoiona dalili, usiseme maji ni salama.

Pili, kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara na kipindupindu, na kwa hayo tuendelee kuchemsha. Lakini risasi haifi kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, risasi inabaki ile ile, kwa hiyo yanazidi kuwa makali.

Tatu, dawa ya klorini ya kutia katika ndoo ni kwa vijidudu pia. Na kuchuja kwa kitambaa au mchanga kunazuia matope tu. Kilichoyeyuka kinapita. Mama akitia chumvi katika maji kisha akayachuja kwa kitambaa, chumvi itabaki kwenye kitambaa? Haibaki hata kidogo.

YALIYOWAPATA WENGINE

Tunaeleza haya si kwa kutisha watu. Mwenye busara hujifunza kwa jirani.

Huko Japani, katika mkoa wa Toyama, kuna Mto Jinzu. Juu ya mto kulikuwa na mgodi wa zinki na risasi, na maji yake yalikuwa na kadimiamu. Wakulima wa bondeni walikuwa wakimwagilia mpunga kwa mto huo, kama sisi. Wali ukabeba kadimiamu. Wakaanza kuugua, hasa akina mama wa makamo. Figo zikaharibika, mifupa ikawa laini ikavunjika kwa jambo dogo kama kukohoa. Ugonjwa ukapewa jina itai-itai, maana yake "inauma, inauma". Serikali yao ilikubali rasmi mwaka 1968 kwamba chanzo ni kadimiamu ya mgodi. Kisha ikabidi udongo wa majaruba uondolewe na kuwekwa mwingine, zaidi ya hekta 800. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 2012. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Huko Nigeria, jimbo la Zamfara, mwaka 2010, ni wachimbaji wadogo kama wetu. Mawe yao yalikuwa na risasi nyingi. Waliyaleta nyumbani, wakayasaga uani kwa mashine na kwa vinu, watoto wakacheza katika vumbi na kunywa maji ya hapo. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Hawakuwa na vita wala njaa. Ni vumbi na maji ya kuchenjulia dhahabu.

Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2009, maji yenye asidi kutoka eneo la mgodi yaliingia katika Mto Tigithe, wilaya ya Tarime. Kwa hiyo mtu asiseme mambo haya ni ya nchi za mbali.

La mwisho ni la Uingereza, katika jimbo la Cornwall. Palikuwa na mgodi uitwao Wheal Jane, wa bati ile ya kulehemu. Ulifungwa mwaka 1991. Pampu zikazimwa, wafanyakazi wakaenda zao. Maji yakapanda taratibu ndani ya mashimo, na Januari 1992 yakafumuka. Makumi ya mamilioni ya lita yakaingia mtoni na kwenda baharini, mto ukawa rangi ya chungwa. Waliojaribu kuyasafisha walijaribu njia kadhaa, pamoja na mabwawa ya matete. Mwishowe wakajenga mtambo wa kutia chokaa, ukaanza kazi mwaka 2000, na bado unafanya kazi. Mgodi ulifungwa, maji hayakufungika. Haya ndiyo majibu yetu kwa wanaosema fukuza tu mambo yaishe.

MAJI YANASAFISHWAJE

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kanuni yake ni moja, na haihitaji mtu awe mhandisi ili aielewe. Madini yanayeyuka katika maji ya asidi. Ukiiondoa asidi, mengi yanashindwa kuendelea kuyeyuka, yanaganda na kuzama chini kama tope. Kitu kinachoondoa asidi kwa bei nafuu ni chokaa, hii hii ya kupaka nyumba.

Ukali wa asidi unapimwa kwa kipimo kinachoitwa pH. Maji ya kawaida ni 7. Chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni upande wa sabuni na majivu. Ndimu ni kama 2. Mjue kwamba kila namba moja ni mara kumi. Maji ya 4 ni makali mara 1,000 kuliko maji ya 7. Kuna karatasi za kupimia. Unachovya, rangi inageuka, unalinganisha na rangi zilizochapwa kwenye kasha lake. Mtu aliyehitimu kisomo anaweza kufanya kazi hiyo na kuandika namba katika daftari. Ndiyo faida ya kisomo, jamani, si kusoma barua tu.

Mpangilio wa kazi ni huu:

1. Kukinga maji safi. Juu ya mialo na marudio uchimbwe mfereji wa kugeuza maji ya mvua yapite pembeni. Maji ambayo hayakugusa marudio hayahitaji chokaa. Hii ndiyo hatua ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa.

2. Bwawa la kwanza. Maji ya mialo yaingie humo yatulie, mchanga na unga wa mawe uzame.

3. Ngazi za hewa. Maji yakitoka hapo yateremke juu ya ngazi za mawe yakirukaruka. Hewa inasaidia chuma kugeuka kutu. Kutu hiyo ikizama inashikamana na aseniki na kuiburura chini. Chuma hapa ni rafiki yetu.

4. Chokaa. Kwanza ikorogwe na maji katika pipa mpaka iwe kama uji mwepesi, kisha itiririke polepole ndani ya maji. Ukimwaga unga mkavu, nusu yake itazama bure. Chuma huanguka mapema, karibu pH 4. Shaba hungoja mpaka 7 au 8. Zinki inataka kama 9. Kadimiamu ni mkaidi zaidi, inataka kupita hapo. Kwa hiyo maji yakifika 7 msifurahi haraka, ati tayari.

5. Bwawa la pili. Hapa tope linazama. Maji yasikimbizwe, yapewe muda wa kutulia.

6. Bwawa la tatu, lenye matete na mafunjo. Maji yapumzike na kurudi kati ya 6.5 na 8.5. Maji makali ya chokaa nayo yanaua samaki. Matete ni msaidizi tu, hayawezi kazi yote peke yake.

7. Kurudisha maji. Maji ya bwawa la tatu yapigwe pampu yarudi mialoni kuosha tena. Wakati wa kiangazi isitoke hata ndoo moja kwenda mtoni. Mabwawa yaachiwe nafasi juu kwa ajili ya masika, yasije yakafurika usiku tukiwa tumelala.

Mtu atauliza, chokaa kiasi gani? Hatuwezi kukisia, maana kila jiwe lina asidi yake. Tutapima kwa ndoo. Tuchukue ndoo 5 za maji ya mialo, kila moja lita 20. Ya kwanza isitiwe kitu. Ya pili itiwe kijiko 1 cha chai cha chokaa, ya tatu vijiko 2, ya nne 3, ya tano 4. Zikorogwe dakika 10, zipimwe kwa karatasi, kisha ziachwe saa moja. Ile iliyofika panapotakiwa, tope likazama na juu pakabaki peupe, ndiyo kipimo chetu. Jaribio hili lirudiwe kila yanapoletwa mawe ya shimo jipya, na kila masika yanapoanza.

Wanaokoroga chokaa wavae miwani, glovu na viatu vya mpira, maana inaunguza macho na ngozi. Chokaa ambayo haijazimwa inachemka ikiguswa na maji, watoto wasiikaribie.

Tena karatasi ya pH haioni risasi wala aseniki. Inaona asidi tu. Kwa hiyo maji ya bwawa la tatu, ya mto na ya visima vyetu lazima yapelekwe maabara kupimwa. Hiyo si kazi ya kubahatisha, wala si kazi ya kupima mara moja na kuacha.

TOPE NDILO MZIGO

Hapa ndugu tunaomba msikilize kwa makini, maana ndipo watu hudanganyika. Chokaa haikuiua sumu. Imeihamisha. Ilikuwa katika maji, sasa iko katika tope. Tope hilo likiachwa wazi, likapata asidi tena, madini yatayeyuka upya na safari itaanza mwanzo. Kusafisha maji halafu kutupa tope korongoni ni kufagia nyumba na kurundika takataka juu ya godoro.

Kwa hiyo tope liwekwe katika shimo lililosakafiwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na turubai zito, mbali na mto na visima. Lifunikwe, liwekewe uzio na kibao chenye maandishi makubwa. Tope hilo si mbolea. Na marudio wala tope visifyatuliwe matofali, visikandikwe nyumba, visipigwe sakafu. Tunajua mchanga wa marudio ni laini na unavutia fundi. Mtoto anayetambaa juu ya sakafu hiyo anailamba kila siku.

ZEBAKI NA SIANIDI

Chokaa si dawa ya zebaki. Zebaki ikishaingia mtoni, vijidudu vya matopeni huigeuza kuwa sumu kali zaidi, inayopanda kutoka samaki mdogo hadi samaki mkubwa, hadi sahani ya mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Kuitoa mtoni hatuwezi. Dawa yake ni kuizuia isiingie. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, na ambao nchi yetu imeuridhia, unataka mambo manne yakomeshwe: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa bila kwanza kupunguza kwa kuosha, kuchoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki mahali pa wazi, kuchoma katika makazi ya watu, na kutia sianidi katika marudio yenye zebaki kabla zebaki haijaondolewa. Hilo la nne ni baya kwa sababu sianidi inaiyeyusha zebaki na kuibeba mbali na maji.

Mchomaji atumie ritoti. Mvuke unashikwa, unarudi kuwa zebaki, anaitumia tena. Anaokoa mapafu yake na mfuko wake.

Na maji ya sianidi yasikutanishwe kamwe na maji ya asidi. Yakikutana inatoka hewa inayoua mtu papo hapo. Mabwawa haya tunayoyasema ni ya maji ya mialo tu. Mwenye vati za sianidi awe na bwawa lake, afuate masharti ya leseni yake.

TUNAPENDEKEZA NINI

Ndugu wanakijiji, mapendekezo tutakayoyapeleka katika Mkutano Mkuu ni haya:

La kwanza, mialo na makarasha yahame kutoka ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sisi tunasema 60 ni pungufu ya mwisho, mbali zaidi ni bora. Na hakuna karasha uani kwa mtu.

La pili, pawe na eneo moja la mialo, lenye mabwawa matatu na shimo la tope. Ramani ya mabwawa ichorwe na wataalamu wa wilaya, na vibali viombwe kabla jembe la kwanza halijapigwa. Kuchimba tutachimba wenyewe, kwa zamu, wakulima na wachimbaji pamoja.

La tatu, kila kiroba cha mawe kinachosagwa kilipiwe shilingi 1,000 za chokaa na upimaji. Ndugu wachimbaji, tunajua mtasema ni mzigo. Lakini mpunga unaokufa bondeni nao ni mzigo, na aliyeubeba mpaka sasa hana dhahabu hata ya pete. Ni haki anayechafua achangie kusafisha.

La nne, fedha hizo zisichanganywe na fedha nyingine. Ziwe na daftari lake, na kila mwisho wa mwezi hesabu ibandikwe hapa ubaoni, iliyoingia na iliyotoka. Viongozi tuwe wa kwanza kukaguliwa.

La tano, wachaguliwe wapimaji wanne, wawili wanawake na wawili wanaume, kutoka darasa la kisomo. Wapime asubuhi na jioni, waandike. Siku pH ikishuka chini ya 6.5 katika bwawa la tatu, mlango wa maji ufungwe na makarasha yazimwe mpaka yarekebishwe. Mtu asipigiwe simu kuombwa ruhusa.

La sita, mpaka majibu ya maabara yatakapoletwa, maji ya kunywa na ya kupikia yachotwe katika kisima cha juu cha shule, si mtoni wala visima vya bondeni.

La saba, atakayehama eneo la mialo aache fedha ya kufunika marudio yake. Tumeona ya Cornwall.

Ndugu zangu, kuna kijana aliyetuambia, "Katibu, mimi nina njaa leo, hiyo kadimiamu ni ya miaka ishirini." Hatumbezi. Njaa ya leo ni ya kweli. Ndiyo maana hatusemi machimbo yafungwe. Tunasema shimo la dhahabu lina mwisho, mshipa ukiisha mchimbaji anafuata mwingine. Bonde la mpunga halina mwisho likitunzwa, na haliwezi kufunga virago likahama. Kilicho na mwisho kisiharibu kisicho na mwisho.

Na tusidanganyane kwamba tutafanya baadaye. Maji yakimwagika hayazoleki. Leo kazi yetu ni mabwawa matatu, mifuko ya chokaa na daftari. Tukichelewa, kazi itakuwa kukwangua udongo wa bonde zima, na uwezo huo kijiji hiki hakina.

Njooni kwenye Mkutano Mkuu, mje wote, akina mama msibaki jikoni, maana ninyi ndio mnaochota maji. Anayekubali aseme, anayepinga aseme na sababu. Aliye na swali kabla ya siku hiyo aliandike chini ya karatasi hii, au alilete katika darasa la kisomo, tutalijibu.

 

Katibu wa Tawi